Nikiondoka Mimi, Nani Atamshika? Amana, Wosia na Maisha ya Mtu Mwenye Ulemavu Baada ya Mzazi

Katika kliniki yangu kuna swali ambalo wazazi huliuliza wakiwa wamekwisha kusimama, mkono mmoja ukiwa juu ya kitasa cha mlango. Maswali ya dawa huulizwa wakiwa wameketi. Maswali ya mazoezi, ya degedege, ya choo na ya usingizi, yote huulizwa faili likiwa wazi. Hili huja mwishoni, kwa sauti ya chini, mara nyingi mtoto akiwa amekwisha kutolewa nje na ndugu yake: “Daktari, mimi nikiondoka, nani atamshika?”

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu la haraka. Nilisema, “Mama, usiwaze hayo, Mungu yupo.” Mungu yupo, hilo halina shaka. Lakini mama aliyetoka Chamazi alfajiri, akabadilisha daladala mbili huku amembeba kijana wa kilo arobaini, hakuja kwangu kusikia jambo analolijua kuliko mimi. Alikuja na swali la mipango, na mimi nilimjibu kwa faraja.

Makala hii ni jaribio la kulijibu swali hilo ipasavyo. Ninaiandika kwa wazazi na walezi, kwa watu wenye ulemavu wenyewe, na kwa wenzangu wahudumu wa afya ambao, kama nitakavyoeleza, tunaweza kuwa sehemu ya msaada au sehemu ya madhara.

Mafanikio yaliyozaa swali jipya

Mwanzoni mwa karne ya 20, mtoto aliyezaliwa na sindromu ya Down kwa kawaida hakufika mbali zaidi ya miaka kumi na michache. Leo, katika nchi zenye huduma bora za moyo na maambukizi, wengi wao hufikia umri wa miaka 60. Kwetu bado hatujafika huko, lakini mwelekeo ni huohuo. Chanjo, dawa za kifafa, upasuaji wa watoto wenye mgongo wazi na vichwa vikubwa, na elimu ya kulisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo bila kumpalia, vimewafikisha utu uzima watoto ambao zamani tungewazika wakiwa wadogo.

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilionesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina moja au nyingine. Wengi wao hujitegemea, hufanya kazi na kulea familia, na hawahitaji mtu wa kuwashikia fedha. Wapo, hata hivyo, wale ambao ulemavu wao umegusa akili, mawasiliano au mwili kwa kiwango ambacho maisha yao yameegemea mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyo ni mama. Anayeegemea nguzo moja yumo hatarini siku nguzo hiyo inapoanguka.

Barua ya dakika kumi

Nitasimulia kisa kimoja. Nimebadilisha majina na mambo yanayoweza kuwatambulisha wahusika, ila sikubadilisha sehemu inayonihusu mimi.

Kijana huyo nitamwita Hamisi. Ana mtindio wa ubongo na kifafa, na nilianza kumwona akiwa na umri wa miaka 12. Hatembei. Anasema maneno machache sana, lakini anaelewa mengi. Ukimwonesha mashati mawili, atalitazama lile analolitaka mpaka alipate. Baba yake alikuwa fundi seremala, na kwa miaka mingi ya kazi alijenga nyumba ya vyumba sita huko Chamazi, wilayani Temeke. Viwili waliishi, vinne walipangisha. Hamisi alipotimiza miaka 20, baba akafariki ghafla, bila wosia.

Miezi miwili baadaye alikuja kliniki mtu mwenye heshima zake, akajitambulisha kuwa ni baba mkubwa wa Hamisi. Alisema ukoo unahitaji barua ya daktari “kwa ajili ya shughuli za mirathi.” Foleni ilikuwa ndefu. Niliandika kwa dakika kumi: mgonjwa huyu ana ulemavu mkubwa wa akili na hana uwezo wa kufanya uamuzi wowote. Nikapiga mhuri. Sikumuuliza barua inakwenda wapi, na wala sikumpigia mama simu.

Mama Hamisi alirudi baada ya mwaka na nusu. Hamisi alikuwa amekonda na degedege zilikuwa zimerudi, kwa sababu dawa zilikuwa zikinunuliwa nusu dozi. Baba mkubwa alikuwa ameteuliwa na ukoo na kuthibitishwa mahakamani kuwa msimamizi wa mirathi. Katika kikao cha ukoo aliisoma barua yangu mbele ya wote, kisha akaeleza kwamba fungu la kijana asiyejitambua litakaa kwake. Tangu siku hiyo kodi ya vyumba vinne ilikwenda kwake. Mama hakunilaumu. Aliniambia tu: “Daktari, wewe uliandika kwamba mwanangu hajui kitu. Mbona akimwona baba yake mkubwa anageuza uso?”

Hebu tuitazame hesabu ya kile kilichokuwa mezani. Familia ile ni ya Kiislamu, na wazazi wa marehemu walikwisha kutangulia. Aliacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Kwa mirathi ya Kiislamu, mke aliye na watoto hupata thumni, yaani sehemu moja ya nane. Inayobaki hugawanywa kwa watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike. Ukiigawa nyumba ile katika mafungu 24, mama ana 3, dada ana 7, na Hamisi ana 14. Kijana niliyemwandika kuwa hawezi lolote ndiye aliyekuwa mwenye zaidi ya nusu ya nyumba. Baba mkubwa, kwa kuwa marehemu aliacha mtoto wa kiume, hakuwa na fungu hata moja.

Msimamizi si mwenye mali, wala kazi yake si ya kudumu

Kosa la kwanza linaloziangusha familia nyingi ni kudhani kwamba msimamizi wa mirathi ndiye mrithi mkuu. Msimamizi ni mtumishi. Kazi yake ni kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni, kugawa kwa warithi na kurudisha taarifa mahakamani. Kanuni za mirathi za Mahakama ya Mwanzo zinamtaka awasilishe orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, na baadaye hesabu ya namna alivyogawa. Mrithi yeyote anaweza kumlalamikia, na mahakama inaweza kumwondoa na kumteua mwingine.

Wakazi wa Dar es Salaam wana bahati ya kuwa na mahali mahsusi pa kwenda. Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia kilichopo Temeke, kilichoanza kazi mwaka 2021, kinasikiliza mashauri ya mirathi na ndoa, kuanzia ngazi ya Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu, chini ya paa moja. Asiye na wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayowatambua pia wasaidizi wa kisheria waliopo mitaani.

Kosa la pili ni kudhani kwamba mirathi ikishagawanywa mambo yamekwisha. Kwa mrithi anayeweza kusimamia mali yake, ni kweli. Kwa Hamisi, hapo ndipo swali linapoanza: mafungu 14 yako mikononi mwa nani, kwa masharti gani, na nani anamkagua? Jibu la swali hilo ndilo linaloitwa amana.

Amana ni nini

Amana, au udhamini kama wanasheria wetu wanavyouita, ni mpango ambao mtu anatoa mali, anamkabidhi mdhamini, ili mdhamini aitunze na kuitumia kwa faida ya mtu wa tatu, yaani mnufaika. Mdhamini anashika, lakini hamiliki kwa faida yake. Jina lake linaweza kuwa kwenye hati, ila tumbo lake halimo. Akiila mali hiyo amevunja sheria, na mnufaika au mtu anayemtetea anaweza kumfikisha mahakamani.

Jambo hili si geni pwani yetu. Wakfu umekuwapo kwa karne nyingi: mtu huifunga nyumba au shamba la minazi lisiuzwe wala lisirithiwe, na mapato yake yakawasaidia watu aliowataja, wakiwamo wa ukoo wake mwenyewe. Zanzibar inayo hadi leo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na jina lake pekee linatosha kutukumbusha kwamba neno hili tunalo kwetu.

Nchi nyingine zimelipeleka wazo hili mbele kwa ajili ya watu wenye ulemavu. India ilitunga sheria mahsusi mwaka 1999 kwa ajili ya watu wenye usonji, mtindio wa ubongo, ulemavu wa akili na ulemavu mchanganyiko, na ikaweka kamati za ngazi ya wilaya za kuteua walezi. Singapore ilianzisha mwaka 2009 kampuni ya udhamini isiyo ya kibiashara, inayopokea fedha za wazazi wa kipato cha kawaida na kuzitoa kidogo kidogo baada ya wao kufariki. Kenya ilirekebisha sheria yake mwaka 2021 ili kutambua rasmi amana za familia.

Ni vyema pia kujua tofauti yetu na Marekani, kwa kuwa wazazi wengine husoma habari za huko wakachanganyikiwa. Kule amana ya mtu mwenye ulemavu ilikuzwa zaidi ili mali isimkoseshe posho ya serikali, kwa kuwa anayemiliki zaidi ya dola 2,000 hupoteza haki ya posho hiyo. Kwetu hatari kubwa ni kwamba mali itaondoka kimyakimya, chumba baada ya chumba, mpaka mwenye mali abaki na mkeka.

Njia zilizopo kwetu

Ya kwanza ni wosia wenye kifungu cha udhamini. Mzazi anaandika kwamba fungu la mtoto fulani lishikwe na wadhamini aliowataja, litumike kwa matunzo, matibabu na makazi yake, na anaeleza nani atapata kitakachobaki baada ya mtoto huyo kufariki. Kwa kawaida wosia wa maandishi hushuhudiwa na mashahidi wasiopungua wawili ikiwa mwosia anajua kusoma na kuandika, na wasiopungua wanne ikiwa hajui. Na anayenufaika na wosia asiwe shahidi. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, husaidia kuandika wosia na kuuhifadhi, ili usije ukapatikana chini ya godoro la mtu anayechukizwa nao.

Kwa Waislamu kuna mipaka inayopaswa kuheshimiwa. Wasia hauzidi theluthi ya mali, na haumwongezei mrithi fungu isipokuwa warithi wengine waridhie baada ya mauti. Hivyo mzazi Mwislamu anayetaka kumwongezea mtoto mwenye ulemavu atazame hiba, yaani kumpa mali akiwa hai na mzima na kuikabidhi kweli, au wakfu. Na amwulize mwanachuoni anayeyajua mambo hayo. Kumbuka pia kwamba mafungu ya mirathi yanaamua mtoto apate kiasi gani, lakini hayamzuii mzazi kupanga mapema nani atamshikia.

Kwa wale ambao mirathi yao huendeshwa kwa sheria ya kiserikali, bado inatumika Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865. Marehemu asipoacha wosia, mjane aliye na watoto hupata theluthi moja na watoto theluthi mbili. Sheria za kimila zina taratibu zake, na mara nyingi ndizo zinazomweka binti nyuma. Asiyejua yuko upande gani aulize akiwa hai; akinyamaza, jambo hilo litaamuliwa na watakaobaki.

Njia ya pili ni hati ya udhamini inayoanza mzazi akiwa hai. Inahitaji mwanasheria na ina gharama, lakini ina faida moja kubwa: mzazi anaona wadhamini wakifanya kazi. Anayeiba senti akiwa anatazamwa ataiba nyumba akiwa hatazamwi, na ni heri umjue leo. Wadhamini wasiwe mmoja. Wawili au watatu, mmoja kutoka nje ya ukoo, na uamuzi wowote wa kuuza uhitaji saini za wote. Pale ambapo familia haina mtu wa kuaminika, sheria zetu zinamtambua pia Mdhamini wa Umma, na huduma hizo hupatikana kupitia RITA.

Njia ya tatu inawafaa wazazi wanaokutana kliniki, shuleni au msikitini na kanisani. Sheria ya Usajili wa Wadhamini inaruhusu kikundi chenye lengo la kijamii au la hisani kusajili bodi ya wadhamini RITA, na bodi hiyo ikamiliki mali kwa jina lake, wanachama wakifa na kubadilika. Wazazi kumi wa Mbagala hawawezi kila mmoja kumlipa wakili, lakini kwa pamoja wanaweza kuwa na bodi moja yenye daftari moja linalosomwa mbele ya wote.

Njia ya nne ni mahakama. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu ndugu au mtu mwingine kuomba mahakama iamue kama mtu mzima hawezi kusimamia mali yake kwa sababu ya maradhi ya akili, na imteulie msimamizi atakayewajibika kwake. Ni njia inayofaa pale ambapo hakuna kilichopangwa. Ila inamvua mtu mamlaka juu ya mali yake, kwa hiyo isitumiwe kama njia ya mkato.

Juu ya yote hayo kuna kanuni tunayopaswa kuishika. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 12 ya Mkataba huo inamtambua mtu mwenye ulemavu kuwa na haki sawa ya kumiliki na kurithi mali na kusimamia mambo yake ya fedha. Msaada tunaompa unapaswa kumwezesha aamue kadiri awezavyo. Kijana mwenye sindromu ya Down anayejua kuhesabu fedha za nauli hana sababu ya kuomba ruhusa ya mdhamini kununua soda.

Kabla ya hati, karatasi

Wazazi wengi wakisikia haya husema, “Daktari, hayo ni ya matajiri wa Masaki.” Si kweli. Tajiri ana mawakili wa kumtetea. Mwenye nyumba ya vyumba sita Chamazi, au kiwanja kimoja Mabwepande huko Kinondoni, ndiye ambaye kosa moja linamaliza kila kitu. Na hatua za mwanzo hazihitaji fedha nyingi.

Anza na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Nimekutana na vijana wa miaka 25 ambao hawana cheti wala kitambulisho cha Taifa, kwa sababu walifichwa ndani tangu utotoni. Asiye na karatasi hawezi kufunguliwa akaunti, na katika kikao cha mirathi ni rahisi kusahauliwa. Kisha tazama karatasi za nyumba. Pembezoni mwa jiji letu nyumba nyingi zina hati ya mauziano tu, iliyosainiwa mbele ya serikali ya mtaa. Kama eneo lako linatolewa leseni ya makazi au limepimwa, fuatilia, na nakala ziwekwe mahali pawili. Kama unachangia mfuko wa hifadhi ya jamii, nenda kahakikishe kwamba mtoto huyu ameandikwa miongoni mwa wategemezi wako, na uulize kwa maandishi ulemavu wake unatambuliwaje baada ya kutimiza miaka 18.

Kiasi gani kinatosha?

Chukua daftari, andika matumizi ya mwezi mmoja. Nitaweka tarakimu za mfano. Kila familia iweke zake. Nepi 60,000, dawa 25,000, bajaji ya kliniki 20,000, chakula na sabuni 120,000, malipo ya msaidizi wa nyumbani 100,000. Jumla ni shilingi 325,000 kwa mwezi, sawa na 3,900,000 kwa mwaka. Tazama fungu la msaidizi. Leo halimo katika matumizi ya familia nyingi, kwa sababu kazi hiyo anaifanya mama bila malipo. Siku akiondoka, ndilo fungu la kwanza litakalodaiwa.

Sasa weka mapato. Kama vyumba vinne vinaleta 200,000 kwa mwezi, mafungu 14 kati ya 24 ni takribani 117,000. Pengo ni kama 208,000 kila mwezi, na bei hazisimami: zikipanda kwa asilimia 5 kwa mwaka, matumizi ya 325,000 yatakuwa takribani 643,000 baada ya miaka 14. Hesabu hii isimkatishe mtu tamaa. Inampa lengo.

Pengo hujazwa kidogo kidogo. Vicoba na SACCOS vinasaidia kukusanya, ila havifai kuwa ghala la miaka thelathini. Kwa muda mrefu ipo mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kama ile inayosimamiwa na UTT AMIS, ambako mtu hununua vipande kwa kiasi kidogo. Miongoni mwake umo Mfuko wa Watoto na Mfuko wa Jikimu, yote iliyoanzishwa mwaka 2008. Zipo hati fungani za Serikali zinazouzwa kupitia Benki Kuu, kuanzia shilingi 1,000,000, za muda wa hadi miaka 25, zinazolipa riba mara mbili kwa mwaka. Thamani ya vipande hupanda na kushuka, kwa hiyo uliza kabla ya kuweka. Na kununua vipande peke yake hakumfanyii mtoto amana. Vipande ni mali, na bado mali hiyo inahitaji mdhamini na masharti.

Daftari la maisha

Fedha bila maelezo hazitoshi. Ninawaomba wazazi waandike daftari moja, tofauti na wosia, la kumwongoza atakayekuja. Liandikwe jina na dozi ya kila dawa, na onyo kwamba dawa ya kifafa haikatizwi ghafla, kwa sababu degedege linaweza kurudi bila kukoma na kuua. Liandikwe kwamba hulishwa akiwa ameketi wima, uji ukiwa mzito kiasi gani, na dalili za kupaliwa. Liandikwe namna ya kumgeuza usiku ili asipate vidonda vya mgongo. Kisha yale ambayo daktari hawezi kuyajua: kwamba anapenda redio asubuhi, kwamba akilia jioni hana ugonjwa, anamsubiri dada yake atoke shule.

Nimeona wagonjwa wakilazwa wiki mbili baada ya mama kufa, si kwa sababu ndugu walikuwa wabaya, bali kwa sababu hakuna aliyejua. Mama alikuwa ameondoka na kitabu chote kichwani.

Kwa wenzangu wahudumu wa afya

Barua yangu ya dakika kumi ilinifundisha mambo ambayo hatufundishwi darasani.

Anayeomba taarifa ya mgonjwa aulizwe ni nani, kwa idhini ya nani, na taarifa inakwenda wapi. Ikiwa ni ya mahakama, ipelekwe mahakamani kwa maombi ya mahakama. Mlezi wa kila siku asikilizwe kabla ya kuandika, na mgonjwa mwenyewe aonekane siku hiyohiyo.

Tusiandike “hana uwezo wa kufanya uamuzi wowote.” Uwezo hupimwa kwa uamuzi mmoja mmoja. Mtu anaweza kushindwa kuelewa mkataba wa kuuza nyumba na akaweza kabisa kusema anataka kuishi na nani. Tueleze anachoweza, kwa msaada gani, kisha anachoshindwa. Na tuandike tarehe ya kupima tena.

Zaidi ya yote, swali la kitasani lisiachwe likatokea mlangoni. Tuliulize sisi, mgonjwa akitimiza miaka 12 au 13, wakati mzazi bado ana nguvu: je, mmepanga nini? Hatuhitaji kuwa wanasheria. Inatosha kujua jina la afisa ustawi wa jamii wa wilaya na njia ya kwenda RITA na Temeke, na kuandika kwenye faili kwamba tumeuliza.

Mwisho wa kisa

Niliandika taarifa ya pili kuhusu Hamisi. Ilinichukua saa mbili na ilikuwa na kurasa tatu. Nilieleza kwamba hawezi kusimamia kodi ya nyumba, lakini anawatambua watu wake, anaelewa maswali mafupi, na mara tatu, kwa siku tatu tofauti, alipoulizwa anataka kukaa na nani, alimtazama mama yake. Nilieleza pia kwamba taarifa yangu ya kwanza haikuwa kamili. Kuandika sentensi hiyo kulikuwa kugumu kuliko kurasa nyingine zote.

Shauri lilichukua miezi. Baba mkubwa alitakiwa kutoa hesabu, na hesabu haikupatikana. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hilo ndilo lililomhukumu. Aliondolewa. Kodi ya mwaka mmoja na zaidi iliyokwisha kuliwa haikurudi yote, na sitadanganya kwamba ilirudi. Leo mama na mdogo wake wa kike, pamoja na jirani mmoja mwalimu mstaafu, ndio wanaoshika fungu la Hamisi. Fedha huingia katika akaunti inayohitaji saini mbili. Kila Desemba daftari husomwa sebuleni, na Hamisi huwapo.

Mara ya mwisho walipokuja kliniki, tulimaliza habari za dawa, mama akasimama, akashika kitasa. Nilisubiri lile swali. Badala yake alichomoa kwenye mkoba daftari la kaunta lenye jalada jekundu, akanipa nisome ukurasa unaohusu dawa, nisahihishe kama kuna kosa.

Kulikuwa na kosa moja. Dozi ya usiku aliiandika pungufu. Tukairekebisha pamoja, nikasaini pembeni, na wakaondoka.